Umeambiwa grisi ya magoti imeisha, unywe maji lita tano kwa siku? Pitia hapa kwanza

#1 Mleta mada

Habari za muda huu wakuu. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite arudi baadae, ila mwenye mzazi anayelalamika magoti naomba asome hadi chini maana kuna jambo limenikaa kifuani wiki nzima.

Mimi kazi yangu ni fiziotherapia, mwaka wa 11 huu, yaani kutwa nashika magoti na migongo ya watu. Wiki iliyopita kaja mama wa miaka 58, kaletwa na binti yake. Kakaa, kafungua mkoba, katoa chupa ya maji ya lita moja na nusu kaiweka mezani. Ile chupa kaichora mistari kwa kalamu ya wino, kila mstari kaandika saa pembeni, saa tatu, saa nne, saa tano, kwamba ikifika saa hiyo maji yawe yameshuka mpaka hapo. Chupa za hivyo anamaliza tatu na kidogo kwa siku. Aliambiwa magoti yake yameisha grisi na dawa yake ni maji, mama wa watu akaamini akatekeleza bila kukosa siku, mwezi wa nane sasa, na magoti yanauma vilevile.

Nikamuuliza, mama kwa siku unatembea kiasi gani? Akanijibu taratibu tu, mwanangu mimi sitembei, nakaa, hata jikoni nimewaachia watoto, naogopa nisije nikakimaliza na hicho kidogo kilichobaki.

Hapo ndo nilipoumia. Nikashika paja lake la kulia, msuli wa mbele umelegea umepungua, ukiambiwa ni mguu wa mtu aliyetoka kwenye plasta utakubali. Usiku anaamka mara nne kukojoa, na kila akiamka anajisukuma kwa mikono yote miwili kutoka kitandani kwa sababu mapaja hayana nguvu ya kumnyanyua. Miezi minane anakunywa maji ili goti lipone na miezi hiyohiyo nane amelinyima goti kitu pekee kinachoyafikisha hayo maji kunakotakiwa.

Sasa twende taratibu. Tuanze na hili neno grisi.

Ndani ya goti kuna majimaji kweli, tuyaite ute. Niliwahi kusimama pembeni wakati daktari anavuta ute kwa sindano kwenye goti ambalo halikuwa na uvimbe mkali, akainua sindano juu kidogo akadondosha tone, lile tone halikudondoka, likavutika uzi mrefu wa sentimita kadhaa kama ute wa yai bichi ukiutenganisha na kiini, ndo ukakatika. Ute wa goti lenye moto na uvimbe mkali haufanyi hivyo, unadondoka tone tone kama maji ya kawaida. Kinachoupa huo uteute ni asidi ya hyaluroniki, inatengenezwa na chembe hai za ule utando unaozunguka jointi kwa ndani. Na kiasi chake, goti zima la mtu mzima mwenye afya lina chini ya kijiko kimoja cha chai. Hakuna tanki pale la kujaza wala halipungui kwa kutembea kama mafuta ya gari. Ule utando unautengeneza na kuunyonya muda wote, leo, kesho, mpaka uzeeni.

Halafu kuna gegedu. Ukivunja kiungo cha kuku, pale kwenye ncha ya mfupa kuna ile sehemu nyeupe inayong'aa na kuteleza, hiyo ndo gegedu, na kwenye goti lako ipo hivyohivyo. Sehemu kubwa ya gegedu ni maji, kati ya asilimia 65 na 80 ya uzito wake. Kwa hiyo wanaosema maji ni muhimu kwenye jointi hawajadanganya, walichokosea ni njia.

Gegedu haina mshipa wa damu hata mmoja. Haina mishipa ya fahamu pia, ndo maana inaweza kulika muda mrefu mtu hajui. Sasa kama damu haifiki, inakula nini na inakunywa wapi? Inakunywa kwenye ule ute. Maji uliyokunywa yanaingia tumboni, yanaenda kwenye damu, damu inapita kwenye ule utando, utando unachuja maji na virutubisho kuingia kwenye ute, na kutoka kwenye ute kuingia ndani ya gegedu kuna hatua moja ya mwisho, na hapa ndo naomba tuelewane vizuri.

Gegedu ni kama sponji. Ndani yake kuna nyuzi za kolajeni zimesukwa kama wavu, katikati ya wavu kuna molekuli kubwa zenye matawi matawi zinaitwa proteoglikani, hizo zina chaji hasi kila tawi, zinavuta chumvi na chumvi inavuta maji, kwa hiyo sponji muda wote inataka kuvimba na wavu unaizuia isivimbe kupita kiasi. Ukikanyaga, uzito wako unaikamua, maji kidogo yanatoka na uchafu wake. Ukiinua mguu, inafyonza, maji mapya yanaingia na chakula. Kanyaga, inua, kanyaga, inua. Hiyo ndo pampu yenyewe, hakuna nyingine. Moyo hausukumi damu humo. Virutubisho vidogo vidogo vinaweza kujipenyeza vyenyewe polepole hata ukiwa umekaa, ila ule mzunguko wa kutoa na kuingiza unaufanya wewe kwa miguu yako. Na imepimwa, watu ambao mguu haubebi uzito kwa muda mrefu, mfano waliopata jeraha la uti wa mgongo au waliovunjika mguu wakakaa wiki kadhaa bila kuukanyagia, gegedu ya goti inakuwa nyembamba.

Mama yangu yule kwenye kiti, pampu ameizima mwenyewe kwa hofu.

Upande wa pili, kwa nini lita tano hazimsaidii? Kwa sababu mwili hauruhusu damu iwe nyepesi au nzito unavyotaka wewe. Ubongo unapima ukali wa damu kila wakati, ikianza kuwa nzito kidogo tu unapata kiu na figo zinaambiwa zibane mkojo, ikianza kuwa nyepesi figo zinafungulia. Ukinywa glasi ya ziada ambayo mwili hauihitaji, ndani ya saa moja mbili ipo chooni. Goti halina mrija wake binafsi kutoka tumboni, linapata maji kutoka kwenye damu ileile, na damu yako haibadiliki kwa sababu umeongeza chupa.

Na kuna jambo lingine ambalo hata baadhi ya wenzangu huwa wanashangaa nikiwaambia. Kwenye ugonjwa huu wa jointi kulika, mwanzoni kabisa gegedu haikauki, inazidi maji. Ule wavu wa kolajeni unachanika, sponji inavimba kuliko kawaida, inakuwa laini, haibebi uzito vizuri, halafu zile proteoglikani zinaanza kupotea. Kwa hiyo tatizo sio kwamba maji hayapo, tatizo ni kwamba kile kinachoyashika maji kimeharibika. Sponji ikichanika hata ukiitumbukiza kwenye ndoo haitarudi kuwa sponji nzima.

Mgongo nao ni hivyohivyo, na huo unaweza kuupima mwenyewe. Kati ya pingili na pingili kuna diski, katikati yake kuna kitu kama jeli chenye maji mengi sana. Jipime urefu ukutani asubuhi ukitoka tu kitandani, jipime tena usiku kabla ya kulala. Utakuta umepungua sentimita moja hivi, wengine karibu mbili. Sio kwamba mchana hukunywa maji. Uzito umezikamua diski kutwa nzima, ukilala usiku zinanyonya tena. Wanaanga wakikaa angani ambako uzito haupo, wanaweza kurefuka mpaka asilimia 3, wakirudi duniani wanarudi kwenye urefu wao.

Sasa asije mtu akasema nimesema msinywe maji. Kunyweni. Ukikaukiwa kweli, damu inakuwa nzito, misuli inachoka haraka, kichwa kinauma, na mtu aliyechoka hatembei vizuri wala hafanyi mazoezi. Kuna magonjwa ya jointi ambayo maji yana kauli kubwa kabisa, mtu akiuliza nitaeleza. Ninachokataa ni kumwambia mgonjwa kwamba grisi imeisha halafu kumwacha akae.

Kiasi gani? Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya mwaka 2010 waliweka lita 2 kwa mwanamke na lita 2.5 kwa mwanaume kwa siku, na hapo wamehesabu kila kitu, maji, chai, maziwa, mchuzi, matunda, mpaka maji yaliyomo ndani ya chakula ambayo peke yake ni kama robo au moja ya tano. Marekani wao wana namba za juu kidogo, 2.7 na 3.7, nao wamehesabu chakula humohumo. Ile habari ya glasi nane za maji matupu, mwaka 2002 profesa mmoja wa fiziolojia ya figo anaitwa Heinz Valtin aliifukua kutafuta ushahidi wake kwa watu wazima wenye afya wanaoishi kwenye hali ya hewa ya kawaida, hakuuona. Wengi wanadhani ilianzia mwaka 1945, pale bodi ya lishe ya Marekani ilipoandika mililita 1 ya maji kwa kila kalori ya chakula, na sentensi iliyofuata ikasema sehemu kubwa ya hayo maji tayari imo kwenye chakula. Watu wakaibeba ya kwanza, ya pili wakaiacha hapohapo.

Ukifanya kazi juani, ukiwa na homa, ukiharisha, ukinyonyesha, ongeza. Kiu na rangi ya mkojo vitakwambia. Njano iliyopauka upo sawa, njano nzito ya kuelekea kahawia mchana kweupe umechelewa kunywa. Wa asubuhi usiutumie kujipima, huo huwa mzito kwa kila mtu.

Karibuni.

#2

Mkuu ubarikiwe. Mimi magoti yanalia ka ka ka nikichuchumaa, mke wangu anasikia mpaka chumba cha pili, nikaambiwa ni ukavu, mifupa inasagana. Hayaumi lakini. Nina miaka 36

#3 Mleta mada

Yasipouma wala kuvimba wala kukwama katikati, hiyo milio sio ukavu. Ute una gesi iliyoyeyuka ndani yake, jointi ikivutwa ghafla gesi inajikusanya povu, ndo mlio. Mingine ni kano tu inateleza juu ya mfupa. Kuna daktari wa Marekani anaitwa Donald Unger alikuwa akiviliza ka ka ka vidole vya mkono wa kushoto kwa zaidi ya miaka 60, wa kulia akauacha, mwishoni akalinganisha, mkono wa kushoto haukuwa na ugonjwa wa jointi kuuzidi wa kulia. Ni mtu mmoja tu lakini alivumilia. Wewe endelea kuchuchumaa kaka, hiyo ni zawadi, wapo wanaoitamani.

#4

Nimesoma mara mbili. Swali la haraka, chai na kahawa si zinakausha mwili? Mimi nikinywa kahawa naenda chooni sana

#5 Mleta mada

Kwa aliyezoea, kahawa ya kiasi inahesabika kama maji, mwili unabaki nayo karibu sawa na ukinywa maji matupu. Ambaye hajazoea ndo anakojoa zaidi siku za mwanzo. Angalia sukari tu unayoweka humo.

#6

Mimi ni yule mtu ambaye hayo yote ya goti hayanihusu, mimi ni kidole gumba cha mguu. Miaka 41. Mara ya kwanza ilinipiga saa tisa usiku, nililala mzima nikaamka nadhani mtu kanikanyaga na kitu cha moto, kidole chekundu kimevimba kinang'aa, shuka likigusa tu napiga kelele, upepo wa feni ukipita nasikia, watoto wakaamka wote. Nikapimwa nikaambiwa jongo, yuriki asidi ipo juu. Imerudi mara tatu ndani ya mwaka na mara zote ni usiku, na mara mbili ilikuwa siku nimetoka kusafiri safari ndefu ambayo huwa sinywi maji makusudi ili nisisumbue gari kusimama. Nisaidie mkuu, maji na hili vinahusiana au na mimi nimedanganywa?

#7 Mleta mada

Ndugu yangu pole sana, maumivu ya jongo nimeona yakimliza mwanaume mzima. Na hapana, hujadanganywa. Nilikuwa nasubiri mtu aulize hili maana hapa ndo maji yana kazi kamili.

Yuriki asidi ni takataka inayobaki mwili ukivunja vitu vinaitwa purini, vingine vinatoka kwenye chembe zako mwenyewe, vingine kwenye chakula. Theluthi mbili hivi inatolewa na figo kwa mkojo. Damu ina kiwango chake cha kuiyeyusha, ikizidi kama miligramu 6.8 kwa desilita inaanza uwezekano wa kuganda vichembe vya fuwele. Fikiria sukari kwenye glasi, ukizidisha sukari au ukipunguza maji, inatuama chini. Fuwele za jongo ni kama sindano ndogondogo, zikitua ndani ya jointi kinga ya mwili inazivamia kama vile zimeingia bakteria, huo uvimbe na moto ndo vita yenyewe. Na kidole gumba kipo mbali na moyo, kina ubaridi kuliko sehemu nyingine, na kwenye ubaridi fuwele zinaganda kirahisi zaidi.

Sasa hiyo safari yako bila maji. Umekaa saa nyingi, hukunywa, mkojo umebana, yuriki haitoki na damu imekuwa nzito. Umefika usiku umelala, usiku hunywi tena na bado unapoteza maji kwa kupumua na jasho. Haishangazi imekupiga saa tisa. Kuna watafiti Marekani walifuatilia wagonjwa wa jongo, mwaka 2015 wakatoa matokeo kwamba kati ya saa sita usiku na saa mbili asubuhi hatari ya kushambuliwa ni kama mara 2.4 ukilinganisha na mchana. Mwaka mmoja kabla yake walikuwa wameonyesha kwamba joto kali nalo linaongeza mashambulizi, na hewa kavu pia, nao wakaweka dole kwenye kukaukiwa maji.

Kwa hiyo wewe maji kunywa, na usafiri na chupa, gari lisimame, wenzako watakuelewa. Glasi moja kabla ya kulala pia kama huna tatizo la moyo au figo. Lakini nakuomba kwa moyo wote usiishie kwenye maji. Mtu aliyeshambuliwa mara tatu ndani ya mwaka anatakiwa kuongea na daktari kuhusu dawa ya kushusha yuriki, kama alopurinoli, na kushushwa mpaka chini ya 6 na kubaki hapo, maana fuwele zilizokwisha kutuama haziondoki kwa wiki mbili za kunywa maji. Bia na pombe kali punguza, soda na juisi za sukari pia maana sukari ya fruktosi inapandisha yuriki, maini na figo za wanyama kula kwa nadra. Na kama unatumia dawa ya presha ile inayokukojoza, mwambie daktari, baadhi ya hizo zinabakiza yuriki mwilini. Usiache mwenyewe, mwambie abadilishe yeye.

#8

Samahani mleta mada, naheshimu taaluma yako ila mimi ni shahidi. Nilikuwa sinywi maji kabisa, labda soda mbili tatu kwa siku ofisini. Nikaanza maji lita mbili kila siku, soda nikaacha, baada ya miezi mitatu magoti yakapoa kabisa nikawa napanda ngazi. Sasa ukisema maji hayasaidii magoti unanifanya mimi mwongo na nimeyaona kwa macho yangu

#9 Mleta mada

Dada sikufanyi mwongo hata kidogo, nakuamini umepona na nimefurahi kwa kweli. Nakuomba tu tuangalie pamoja kilichobadilika. Ulipungua kilo ngapi?

#10

Kama 6 hivi, sikupanga zilienda zenyewe

#11 Mleta mada

Basi sikiliza. Mwaka 2005 walipima watu wazima wenye magoti mabovu, wakakuta kila kilo moja unayopungua, goti linapumzika mzigo wa kilo nne kwa kila hatua. Wewe umetoa sita, ni kilo 24 kila unapokanyaga, zidisha na hatua zote za siku. Hiyo ni soda uliyoacha.

Na kingine nilichojifunza kwa wagonjwa wangu wa ofisini, mtu akianza kunywa maji anaanza kunyanyuka. Kwanza anaenda kujaza chupa, halafu anaenda chooni, anarudi, baada ya saa moja tena. Zamani ulikuwa unakaa tangu asubuhi mpaka mchana goti limekunjwa, sasa unalikunja na kulikunjua mara nane kabla ya kutoka kazini. Pampu imefunguliwa. Na inawezekana kweli ulikuwa umekaukiwa, mwili ulihitaji yale maji, mchango wao sikatai. Wewe ulifanya vitu vitatu kwa mpigo na chupa ndo ilivianzisha. Yule mama yangu yeye alibeba chupa peke yake, akakaa nayo.

#12

Goti langu la kushoto lilivimba daktari akanivuta maji, sindano mbili kubwa zimejaa ya njano. Sasa si ina maana maji yamezidi mwilini? Nyumbani wananiambia nipunguze kunywa

#13 Mleta mada

Hapana mkuu, usipunguze. Hayo maji hayakutoka kwenye glasi. Ule utando wa ndani ya jointi umekasirishwa na kitu, labda gegedu imelika, labda umechana kitu ndani, labda fuwele kama za ndugu hapo juu, ukikasirika unatoa majimaji mengi kuliko unavyonyonya, ndo goti linajaa. Ukikaa na kiu siku tatu uvimbe utakuwa palepale na kichwa kitakuuma juu yake. Yale yaliyovutwa yalipelekwa maabara? Uliza majibu, hiyo ndo inaonyesha chanzo.

Na kwa yeyote anayesoma hapa, goti likivimba ghafla, likawa la moto na jekundu, huwezi hata kulikunja, na una homa, hiyo siku hiyohiyo hospitali hata kama ni usiku. Bakteria wakiingia kwenye jointi wanaweza kuimaliza gegedu ndani ya siku chache. Usianze kunywa maji kusubiri.

#14

Mimi ni mama wa mtoto mwenye selimundu, ana miaka 9. Nyonga na miguu inamuuma sana vipindi vya joto au akicheza sana. Kliniki wananisisitiza maji maji maji. Nimesoma kwako nikaogopa labda nimpunguzie

#15 Mleta mada

Mama usimpunguzie hata tone, na nisamehe kama nimeandika kwa namna ya kukutia hofu. Kliniki wako sahihi kabisa. Chembe nyekundu za mtoto zikipoteza maji, ile himoglobini ya selimundu inabanana ndani ya chembe, inashikana, chembe inajikunja kama mundu, zinaziba mishipa midogo ya kwenye mifupa na hapo ndo maumivu yanaanza. Tena figo za watoto wenye selimundu huwa haziwezi kubana mkojo vizuri, kwa hiyo anapoteza maji mengi hata siku ambayo hakunywa vya kutosha, rangi ya mkojo wake haitakwambia ukweli kama ya mtoto mwingine. Aende shule na chupa, mwalimu ajue anaruhusiwa kutoka muda wowote. Na hiyo nyonga, kama anachechemea au maumivu ya nyonga hayaishi hata kipindi kikipita, waombe waipige picha, kichwa cha mfupa wa paja kinaweza kukosa damu kikaanza kufa na kikiwahiwa inasaidia.

#16

Asante baba, Mungu akuzidishie. Ni kweli anachechemea. Jumatatu naenda.

#17

mi nakimbia marathon na kocha wetu anasema kunywa kila kituo hata kama huna kiu, magoti yatakauka

#18 Mleta mada

Mwambie kocha kwa heshima aachane na hilo. Marathon ya Boston mwaka 2002 walipima damu za wakimbiaji 488 waliomaliza, asilimia 13 walikutwa chumvi ya damu imeshuka chini ya kawaida, na kilichoambatana nayo zaidi ni wale walioongezeka uzito njiani, yaani walikunywa kuliko walivyotoa jasho. Chumvi ikishuka sana ubongo unavimba, mtu anatapika, anachanganyikiwa, anapata degedege, na wapo waliokufa. Kunywa ukisikia kiu. Jipime uzito kabla na baada ya mazoezi marefu, ukirudi mzito kuliko ulivyoondoka umezidisha.

#19

Baba yangu ana miaka 74, moyo umepanuka, miguu inavimba, na magoti yanamsumbua. Kuna mtu kamwambia anywe lita 4 kwa siku, ameanza tangu juzi. Jana usiku amelala amekaa

#20 Mleta mada

Kaka acha kila kitu mpeleke baba hospitali leo. Kulala amekaa maana yake akilala chali pumzi inabana, maji yanamzidi moyo unashindwa kuyasukuma. Sio la kesho. Nenda na dawa zake zote. Mzee wa moyo au figo kiasi chake cha maji anakipanga daktari wake.

#21

Tupo njiani

#22

Mtuletee habari. Na mleta mada, wazee wetu ambao hawana moyo mbaya wala figo, wao mbona hawasikii kiu kabisa? Mama yangu anaweza kukaa mpaka saa nane mchana hajanywa kitu

#23 Mleta mada

Umri ukienda kiu inapungua na figo zinabana mkojo kwa shida, kwa hiyo kwa mzee ile kanuni ya kusubiri kiu haitoshi. Usimpe chupa kubwa ataiogopa. Mpe kikombe kila anapokula, kikombe na dawa zake, kikombe mgeni akija, na kingi kiwe kabla ya jioni asiamke amke usiku gizani akaanguka, nyonga ikivunjika uzeeni ni habari nyingine kabisa. Na kikombe kisiwekwe mkononi mwake, kiwekwe mezani upande wa pili wa chumba akifuate.

#24

Vipi hizi kolajeni za unga na sindano za kuongeza ute

#25 Mleta mada

Kolajeni ukiila inameng'enywa kama protini nyingine, wapo wanaosema wamepata nafuu kidogo, mimi simwambii mtu aache chakula akanunue. Sindano za hyaluroniki, nafuu yake kwa wengi ni ndogo na chama cha mabingwa wa mifupa cha Marekani hakizipendekezi kama matibabu ya kila mgonjwa. Mazoezi ya paja yapo kwenye kila mwongozo wa kutibu goti nilioufungua. Kaa kwenye kiti, nyoosha goti mguu uwe sawa na sakafu, hesabu mpaka tano, shusha taratibu, mara kumi kila mguu, asubuhi na jioni. Ukiweza, nyanyuka kwenye kiti bila mikono mara tano. Maumivu kidogo wakati wa mazoezi sio kwamba unaharibu, yakizidi sana au yakabaki mpaka kesho yake punguza idadi, usiache.

#26 (yule wa #19)

Mzee amelazwa. Wamempa dawa ya kukojoza na oksijeni, saivi analala ameegemea mto mmoja. Daktari kasema lita moja na nusu kwa siku mwisho. Asanteni sana

#27

Tunamuombea mzee wetu. Mleta mada na yule mama wa chupa aliendeleaje?

#28 Mleta mada

Amerudi leo, wiki ya nne hii. Usiku anaamka mara moja tu, kwa hiyo analala. Anatembea dakika kumi asubuhi na kumi jioni, tulianza na tatu. Kwenye kiti ananyanyuka bila mikono mara nne, ya tano anashika meza. Goti la kulia bado linauma akishuka ngazi, picha yake inaonyesha limelika na sitamdanganya kwamba litarudi jipya. Chupa kaja nayo ileile, mistari bado ipo, ila anasema hazisomi tena saa, anakunywa akitaka.

Wakati anatoka kasimama mlangoni akaniuliza, sasa mwanangu, jikoni naweza kurudi lini? Nikamwambia mama, leo.

Kamgeukia binti yake, kamwambia umesikia, kisha kashuka ngazi kwa upande, mkono mmoja kwenye ukuta, bila kumshika mtu.